Kyela: Vifaa vya kumfundishia mtoto Kiswahili viko nyumbani

Watoto wengi wa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, huanza shule wakizungumza Kinyakyusa. Kiswahili kwao ni lugha ya pili. Mtoto akinyamaza darasani, si kwamba ni mzito wa kuelewa. Mwalimu au mzazi aanze na haya:

Maneno yanayofanana: *umwana* ni mwana, *ing'ombe* ni ng'ombe.

Vitu vya karibu: mpunga, kokoa, samaki, chungu cha Wakisi. Mtoto ashike, ataje, kisha aulizwe: samaki yuko wapi? Vyungu ni vingapi?

Sauti ngeni: Kinyakyusa hakina *z*, hivyo "zawadi" huweza kuwa "sawadi". Litamkeni tena taratibu, msimcheke.

Hadithi: asimulie kwanza kwa Kinyakyusa, halafu kwa Kiswahili.

Anayechekwa kila akikosea huacha kusema, na lugha hujifunzwa kwa kuisema.