Galaktosi

Wagiriki huita maziwa *gala*, na humo ndimo lilimotoka neno galaktosi, pamoja na ndugu yake wa angani, galaksi. Lakini tusiiite sukari ya maziwa. Hiyo ni laktosi, ambayo ikimeng'enywa utumboni hutoa glukosi na galaktosi. Hizi mbili zinatofautiana kwa hidroksili moja tu, ile ya kaboni ya 4, iliyoelekea upande mwingine. Jambo dogo, ila seli haziitumii galaktosi hivihivi: kwanza huibandika fosfati, kisha vimeng'enya vingine huigeuza glukosi, kazi inayofanyika zaidi kwenye ini. Njia hiyo ina jina la Luis Leloir wa Argentina, mshindi wa Nobeli ya Kemia 1970. Mtoto azaliwaye bila kimeng'enya cha hatua ya pili hudhuriwa na maziwa ya mama yake mwenyewe.