Bakteria wanaokula gesi: sayansi iliwezekana, bei ikakataa

Baada ya stori nyingi za hosteli na foleni ya kantini, leo nawaletea historia kidogo. Msikimbie jamani, si ya vita wala wafalme, ni ya vijidudu. Sisi tunaosomea ualimu wa sayansi tunaizoea methani kama fomula ya ubaoni: CH4, kaboni moja, hidrojeni nne, futa ubao. Kumbe nyuma ya fomula hiyo kuna mkasa mrefu, na hata wenzetu wa kitivo cha biashara utawahusu.

Tuanze mwaka 1776. Mtaliano Alessandro Volta alichokoa tope la Ziwa Maggiore, akakinga mapovu yaliyopanda juu, akayawasha. Yakawaka! Hiyo ndiyo methani. Sasa swali: kama matope ya dunia nzima yanatoa gesi hii kila siku, kwa nini hewa yote haijajaa? Sehemu ya jibu ilikuja mwaka 1906 huko Delft, Uholanzi, kwa N. L. Söhngen, mwanafunzi wa Beijerinck. Alionyesha kuwa kuna bakteria wanaoila methani wakishirikiana na oksijeni, ndiyo chakula chao.

Baada ya hapo kimya kirefu, mpaka mwaka 1956 Dworkin na Foster wa Texas walipowaotesha upya. Mwaka 1970 Whittenbury na wenzake huko Uingereza wakatangaza aina zaidi ya 100, walizozipata kwenye tope na udongo wa kawaida tu. Mmoja aliyepata umaarufu sana, Methylococcus capsulatus, alitoka kwenye chemchemi za moto za mji wa Bath, zile zile walizokuwa wakiogea Warumi.

Kwa nini wanakemia waliwaonea wivu? Kwa sababu methani ni kaidi. Viwandani, ili kuigeuza kuwa methanoli, unaipasha moto wa mamia ya nyuzi na kuigandamiza. Bakteria wa Bath anafanya kazi hiyo hiyo kwenye nyuzi 45 hivi, kwa kimeng'enya chake tu, kimya kimya. Akishapata methanoli anaigeuza kuwa fomaldehaidi, na kutoka hapo anajenga mwili wake.

Basi watu wakaona fursa. Wazo la kwanza lilikuwa chakula cha mifugo. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilijenga kiwanda kikubwa Billingham, kikitumia binamu zao wanaokula methanoli (nayo imetengenezwa kwa methani). Mwaka 1980 wanasayansi wake walitangaza kuwa wamempandikizia bakteria huyo jeni ya bakteria mwingine ili atumie chakula vizuri zaidi. Uhandisi wa jeni, mwaka 1980, wadau! Lakini soya ilikuwa rahisi mno sokoni, kiwanda kikafungwa miaka hiyo hiyo ya 1980. Wanorwei nao wakajaribu Tjeldbergodden, safari hii kwa bakteria wa methani mwenyewe. Bei ya gesi ikapanda, mwaka 2006 nao wakafunga. Mmeona? Bakteria alifanya kazi yake vizuri kabisa. Kilichokataa ni daftari la mahesabu.

Mwaka 2004 jeni zote za bakteria wa Bath zikasomwa, herufi kama milioni 3.3, na mchezo ukabadilika. Badala ya kuuza bakteria mwenyewe kama chakula cha bei ya chini, kwa nini asifundishwe kutengeneza kemikali ya bei kubwa? Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliweka kwenye bakteria mla methani jeni kutoka kwa bakteria wa kugandisha maziwa, naye akaanza kutoa asidi ya laktiki, malighafi ya plastiki inayooza. Alitoa kiasi gani? Chini ya gramu 1 kwa lita. Wale wanaolishwa sukari viwandani wanapita gramu 100. Pengo si dogo! Gesi haiyeyuki vizuri kwenye maji, oksijeni nayo inatakiwa humo humo (na mchanganyiko huo unaweza kulipuka), halafu sehemu ya methani bakteria anaiunguza kwa ajili ya nguvu zake.

Hapa jirani kuna Ziwa Kivu, lenye methani kama mita za ujazo bilioni 60. Bakteria hawa wamo humo tangu zamani, Jannasch aliandika habari zao mwaka 1975. Je, tuwajengee kiwanda Goma au Gisenyi? Mimi nasema hapana, kwa sasa. Gesi ya Kivu ina mnunuzi tayari: mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda ulizinduliwa mwaka 2016 ukiwa na megawati 26.

Historia inatuambia bakteria hawa hushindwa pale gesi inapokuwa na bei. Nafasi yao ni pale inapopotea bure: madampo, maji taka, visima vya mafuta inakochomwa hewani. Kampuni ya Mango Materials ya California ilianzia huko huko kwenye maji taka, ikatengeneza plastiki inayooza. Na ikipotea si hasara ya pesa tu, maana kwa miaka 20 methani hupasha dunia joto kama mara 80 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito ule ule.

Kwa hiyo walimu wenzangu watarajiwa, mkiandika CH4 ubaoni msifute haraka. Waulizeni wanafunzi dampo la mji wao linatoa nini, na nani anakila. Mnasemaje wadau? Maoni ruksa.