Mizani ya Iringa na Uji wa Mtoto

Katikati ya miaka ya 1980, vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa vilianza kupima uzito wa watoto wake kila baada ya miezi mitatu. Wakati huo mkoa huo ulikuwa bado unajumuisha Njombe, Makete na Ludewa, na ulikuwa kati ya mikoa minne ya kusini iliyotegemewa kulisha nchi kwa mahindi. Lakini mizani ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa na uzito pungufu, na asilimia 6.3 walikuwa na utapiamlo mkali, yaani uzito wao haukufika hata asilimia 60 ya ule uliotarajiwa kwa umri wao. Kufikia mwaka 1988, wenye uzito pungufu walishuka kutoka takriban asilimia 56 hadi 38, na wenye utapiamlo mkali wakabaki asilimia 1.8. Mara nyingi mafanikio hayo husimuliwa kama ushindi wa elimu: akina mama hawakujua, wakafundishwa, wakajua. Mimi naona ushahidi unaelekea kwingine. Ushauri wa malezi ulizaa matunda Iringa kwa sababu ulitoka mabegani mwa mama peke yake na kuingia kwenye kikao cha serikali ya kijiji.

Ushauri wenyewe haukuwa mgeni. Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika mwaka 1933 kuhusu watoto waliovimba miili baada ya kuachishwa ziwa na kulishwa vyakula vya mahindi, ugonjwa ambao dunia nzima sasa inauita kwashiorkor. Baadaye David Morley, akiwa Nigeria, alibuni kadi ya ukuaji ambayo mama angeitunza mwenyewe nyumbani. Hapa Tanzania, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mtu ni Afya iliacha alama kubwa hasa kwenye vyoo, na sababu yake inaeleweka: kikundi kizima kinaweza kushika majembe na kuchimba shimo siku moja. Chakula cha mtoto hakichimbwi na kikundi. Hupikwa jikoni, na mtu mmoja, kila siku, tena mara kadhaa kwa siku.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na uji wa mahindi hunyonya maji mengi. Ukipikwa mwepesi, mtoto hushiba maji. Ukipikwa mzito, anashindwa kuumeza wa kumtosha. Kwa hiyo anahitaji kula mara nne au tano kwa siku, ilhali katika kaya nyingi chakula kilipikwa mara mbili, kwa ratiba ya watu wazima. Wataalamu wa lishe walihimiza kimea, kitu ambacho wapika pombe walikijua tangu zamani: ulezi au mtama unalowekwa usiku kucha, unafunikwa hadi uchipue, unaanikwa, kisha unasagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito, uji unalegea papo hapo bila kuongezwa maji, na mtoto anapata chakula kingi katika bakuli lile lile. Ni ujuzi mzuri sana. Lakini hesabu kazi yake: kuloweka, kuanika, kusaga, kutafuta kuni, kuwasha moto mara nne, na yote hayo msimu wa palizi, mama akiwa shambani tangu alfajiri na mtoto ameachiwa dada yake mdogo. Mama huyo anaweza kuujua ushauri wote kwa moyo na bado asiweze kuufuata.

Mpango wa Iringa, ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, ulilielewa hilo. Siku ya kupima, mtoto alining'inizwa kwenye mizani mbele ya watu, mhudumu wa afya wa kijiji akaweka nukta kwenye kadi: kijani, kijivu au nyekundu. Kama mambo yangeishia hapo, yangekuwa kliniki kama nyingine. Lakini jumla ya nukta hizo ilipelekwa kwa uongozi wa kijiji, na viongozi, wengi wao wanaume, wakalazimika kujiuliza kwa nini watoto wa kijiji chenye mahindi ghalani wamo kwenye nyekundu. Ukiuliza hivyo kikaoni, majibu hayaishii kwa mama. Yanagusa kazi za wanawake, nani anabaki na watoto mchana, pesa za mavuno zinakwenda wapi. Vijiji vingi vilianzisha vituo vya kulelea na kulishia watoto wakati wa kazi za shamba, jambo ambalo mama peke yake asingeliweza kamwe. Mwaka 1990, UNICEF ilipotoa mkakati wake wa lishe kwa dunia, ilitambua matunzo kuwa sababu inayosimama bega kwa bega na chakula na afya, na fikra hiyo ilikomaa kwa kiasi kikubwa Iringa.

Wapo watakaosema zilikuwa fedha za wafadhili tu. Fedha zilihitajika, sikatai, lakini miradi mingi ya miaka ile ilipata fedha na haikuacha kitu. Hoja nzito zaidi ni hii: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi kwa udumavu, takriban asilimia 57 ya watoto, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Je, mafanikio yale yalikuwa ya kweli? Vipimo viwili hivyo havilingani, kwani miaka ya 1980 kilichopimwa ni uzito kwa umri, na udumavu ni urefu kwa umri; mtoto anaweza kuokolewa kutoka kwenye kifo na bado akabaki mfupi. Hata hivyo sitaki kujificha nyuma ya tofauti hiyo: udumavu huo ni tatizo la kweli, na swali ni nani anaulizwa kuuhusu. Tangu mwaka 2017 wakuu wa mikoa wanasaini mkataba wa lishe, na halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ni hatua ya kupongezwa, ila uwajibikaji huo unatoka juu kwenda chini. Katika vijiji vile 168, aliyeulizwa kuhusu nukta nyekundu alikuwa mwenyekiti wa kijiji anayemfahamu mtoto, anayefahamu shamba la baba yake, na aliyeweza kuitisha kikao wiki ile ile.