Mtetemo wa Guta: Mpangilio wa Shafti Unavyomlinda Dereva na Mzigo

Pikipiki za magurudumu matatu za kubebea mizigo, maarufu nchini kwa jina la guta au toyo, husafirisha maji, saruji, mazao ya sokoni na vyombo vya wanaohama nyumba. Tofauti na bodaboda, ambayo gurudumu lake la nyuma huvutwa na mnyororo, guta nyingi huendeshwa kwa shafti ndefu inayotoka kwenye injini hadi kwenye difu iliyo katikati ya ekseli ya nyuma. Shafti hiyo ikikaa vibaya, chombo kizima hutetemeka. Madereva wengi huuzoea mtetemo huo na kuuona kuwa tabia ya chombo, ilhali ni dalili ya hitilafu inayoweza kuishia kwa shafti kukatika au kuchomoka barabarani.

Shafti hufungwa kwa viungo viwili vyenye umbo la msalaba, ambavyo mafundi huviita krosi, kimoja mbele na kingine nyuma. Kazi yake ni kuiwezesha shafti kuzunguka ikiwa imeinama, kwa kuwa injini na difu havipo katika kimo kimoja, na ekseli hupanda na kushuka kufuata barabara. Hata hivyo, krosi moja pekee ina kasoro ya kimaumbile. Upande wa injini ukizunguka kwa mwendo ulio sawa, upande wa pili huongeza na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa ya nyuzi 10, mwendo hupanda na kushuka kwa takribani asilimia 1.5; ikifika nyuzi 20, kiasi hicho huwa takribani asilimia 6. Krosi ya pili ndiyo inayofuta kasoro ya kwanza, kwa masharti mawili: pembe za mbele na nyuma zilingane, na masikio ya shafti katika ncha zake mbili yawe kwenye mstari mmoja.

Sharti la masikio ni rahisi kuvunjwa bila kujua. Shafti huwa na sehemu mbili zinazoingiana kwa meno ili iweze kurefuka na kufupika. Fundi akizitenganisha wakati wa kubadilisha krosi, kisha akazirudisha zikiwa zimepishana kwa meno machache, mtetemo ambao haukuwepo huanza siku hiyo hiyo. Dereva atadhani ameuziwa krosi bandia, itanunuliwa nyingine, na tatizo litabaki palepale. Kinga yake haihitaji zaidi ya tone la rangi: kabla ya kufungua nati ya kwanza, mstari mmoja huchorwa kupitia sehemu zote mbili za shafti hadi kwenye difu, na wakati wa kufunga mistari hiyo hukutanishwa tena.

Sharti la pembe huharibiwa zaidi na mzigo. Guta likipakiwa kupita uwezo uliowekwa na mtengenezaji, springi hulala, ekseli husogea na pembe za krosi hubadilika. Boliti zinazoshika ekseli kwenye springi zikilegea, difu hujipinda kila dereva anapoondoka na mzigo. Raba za kuegemeza injini zilizochakaa huleta matokeo yale yale kutokea upande wa mbele.

Chanzo kinaweza kutambuliwa kabla ya kufungua kitu chochote. Mtetemo unaofuata mlio wa injini hata chombo kikiwa kimesimama hutoka kwenye injini au raba zake. Unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na kuendelea hata klachi ikibanwa, huelekeza kwenye shafti au magurudumu. Mgongano wa chuma unaosikika wakati wa kuondoka au kubadilisha gia mara nyingi ni wa krosi iliyolika. Ili kuthibitisha, injini huzimwa, magurudumu huwekewa vizuizi, gia huachwa huru, kisha shafti hushikwa kwa mkono na kutikiswa juu na chini. Krosi ikicheza, hubadilishwa. Vumbi la kutu kuzunguka vikombe vya krosi huonyesha kuwa grisi imekwisha ndani. Krosi zenye tundu la grisi hujazwa hadi grisi ya zamani itoke, hasa baada ya kupita kwenye maji au matope. Shafti iliyopinda kwa kugonga jiwe hubadilishwa, kwani kuinyoosha kwa nyundo hakurudishi uwiano wake.

Kwa dereva anayeshika usukani kutwa nzima, suala hili ni la afya pia. Shirika la Kazi Duniani limejumuisha maradhi yatokanayo na mtetemo katika orodha yake ya magonjwa ya kazini iliyorekebishwa mwaka 2010. Ganzi ya vidole isiyoisha baada ya kazi, au vidole vinavyobadilika rangi na kuwa vyeupe penye baridi, ni sababu ya kumwona daktari bila kusubiri.

Wenye bodaboda nao wana jambo linalofanana na hili. Gurudumu la nyuma likivutwa upande mmoja wakati wa kukaza mnyororo, sproketi mbili huacha kuelekeana na mnyororo hula meno yake ubavuni. Alama zilizochongwa pande zote mbili za mkono wa gurudumu zimewekwa kwa ajili hiyo, na husomwa upande wa kulia na wa kushoto kabla nati ya ekseli haijakazwa.