Duane Allman na Waliomkumbuka

Mji wa Vicksburg, katika jimbo la Mississippi kusini mwa Marekani, ni mji wa ukumbusho. Mwaka 1863 ulizingirwa na majeshi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hata leo nje ya mji huo yamesimama mawe na masanamu zaidi ya elfu moja ya majemadari, vikosi na majimbo yaliyopigana. Mawe hayo yaliwekwa kwa idhini na kwa gharama kubwa. Lakini mwaka 1973 karibu na mji huo huo palitokea ukumbusho wa namna nyingine. Kando ya barabara kuu, katika ukingo wa udongo, palichimbwa herufi kubwa zilizowataka wapitao wamkumbuke Duane Allman. Waliozichimba hawakutumwa na serikali wala na kampuni ya santuri. Walikuwa wapenzi wa muziki wake, nao walikuwa na majembe na usiku mmoja au zaidi wa kazi.

Mtu waliyemtaja alikuwa mpigaji gitaa, aliyekufa yapata miaka miwili kabla yake akiwa na umri wa miaka 24. Hakuzaliwa Vicksburg, hakukaa huko, wala hakuzikwa huko. Kaburi lake liko Macon, katika jimbo la Georgia, safari ya zaidi ya kilomita 600. Basi ni nini kilichowafanya vijana wa mahali pengine waone kwamba kumsahau mtu huyu ni kosa ambalo wasafiri hawana budi kuonywa juu yake?

Duane Allman alizaliwa Nashville tarehe 20 Novemba, 1946. Baba yake, aliyekuwa askari, aliuawa mwishoni mwa mwaka 1949, na mjane akabaki na watoto wawili wa kiume, Duane na mdogo wake Gregg. Mwaka 1957 walihamia Daytona Beach, Florida. Gregg ndiye aliyetangulia kupata gitaa. Duane alikuwa na pikipiki. Alipoivunja, vipande vyake viliuzwa, na fedha zikanunua gitaa la pili nyumbani. Kisa hiki wapenzi wake hawachoki kukisimulia, wala sababu haijifichi: pikipiki ndiyo iliyompa gitaa, na pikipiki ndiyo iliyolinyamazisha.

Ustadi uliomtofautisha na wengine aliupata ukubwani, naye aliupata kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa shabiki. Mwaka 1968 alisikia santuri ya mwimbaji Taj Mahal yenye wimbo uitwao "Statesboro Blues". Akatwaa chupa ndogo ya kioo iliyokuwa na vidonge vya mafua, akaivaa katika kidole cha pete cha mkono wa kushoto, akaitelezesha juu ya nyuzi mpaka gitaa likalia kama sauti ya mtu. Wimbo ule haukuwa wa Taj Mahal. Ulikuwa wa Blind Willie McTell, mtu mweusi kipofu wa Georgia, aliyeuimba katika santuri mwaka 1928 na kufa mwaka 1959 bila ya sifa wala mali. Hivyo kijana Mzungu wa Kusini alijifunza kutoka kwa Mweusi aliyekuwa hai, na kwa njia yake akamfikia Mweusi aliyekwisha kufa. Wapo wanaosema kwamba huo ni unyang'anyi, na wapo wanaosema ni heshima. Ukweli ni kwamba wasikilizaji wengi wa leo hawangelijua jina la McTell lau Duane asingelipenda wimbo wake.

Katika mwaka huo huo wa 1968 alikwenda Muscle Shoals, Alabama, akawa mpigaji wa kukodiwa katika studio, akimsindikiza Wilson Pickett na waimbaji wengine. Machi 1969, katika mji wa Jacksonville, aliunda bendi iliyoitwa Allman Brothers Band. Mmoja wa wapiga ngoma wake wawili, Jaimoe, alikuwa mtu mweusi. Sheria iliyokataza ubaguzi katika mahoteli na migahawa ilikuwa na umri wa miaka mitano tu, na katika miji mingi ya Kusini haikuwa imeingia bado katika mioyo ya watu. Kula meza moja kulikuwa ni ushujaa kuliko kupiga gitaa. Bendi ilihamia Macon, ikacheza bure katika bustani ya Piedmont mjini Atlanta, na Machi 1971 ikarekodi onyesho lake katika ukumbi wa Fillmore East, New York. Santuri hizo mbili zafunguliwa na "Statesboro Blues". Atakaye kujua kilichowasukuma wachimbaji wa Vicksburg na azisikilize hizo.

Tarehe 29 Oktoba, 1971, Duane alikuwa akiendesha pikipiki katika mitaa ya Macon. Lori lililochukua winchi ya kunyanyulia magogo lilikuwa likikata njia mbele yake. Alirushwa chini, akafa hospitalini saa chache baadaye. Mwaka mmoja na siku chache ulipopita, Berry Oakley, mpigaji wa besi, naye aliumia kwa pikipiki karibu na mahali pale pale, akafa. Umri wake ulikuwa 24 pia.

Hapa ndipo kumbukumbu ilipoanza kutunga mambo yake. Santuri iliyotoka Februari 1972 iliitwa "Eat a Peach", na jalada lake lilikuwa na picha ya lori lililobeba tunda moja kubwa la pichi. Ikaenea habari kwamba lori lililomwua Duane lilikuwa limejaa mapichi, na ya kwamba wenzake walilitania kifo chake kwa uchungu. Si kweli. Jina lilitokana na maneno ya Duane mwenyewe katika mahojiano. Na mapichi ya Georgia huvunwa kati ya Mei na Agosti, si mwishoni mwa Oktoba. Hata hivyo uvumi huo haujafa. Mpenzi mwenye majonzi haridhiki na ajali tupu. Hutaka alama na maana, na akizikosa huziumba.

Lililo gumu zaidi ni habari za makaburi ya Rose Hill. Hapo juu ya mto Ocmulgee wanamuziki hawa walizoea kukaa na kustarehe. Ndipo mwenzao Dickey Betts alipoona katika jiwe jina la Elizabeth Reed, mwanamke aliyefariki mwaka 1935, akalitumia kuwa jina la muziki wake. Duane na Oakley walizikwa hapo bega kwa bega. Wapenzi wakaja kwa makundi, wakafanya yale yale waliyoyafanya mashujaa wao: wakakaa, wakanywa, wakapiga gitaa. Lakini baadhi yao waliiba vitu na kuharibu makaburi, hata yakawekewa uzio. Ndugu za marehemu walitaka pahali pa kulilia watu wao. Wageni walitaka pahali pa kuhiji. Haki ya kwanza ni ya ndugu, na uzio ule, japo wachukiza macho, ulistahili kuwekwa.

Serikali nayo ilikumbuka, kwa kuchelewa kama ilivyo ada yake: mwaka 1998 bunge la Georgia liliipa sehemu ya barabara ya Macon jina la Duane Allman. Matajiri walikumbuka kwa namna yao: mwaka 2019 gitaa lake la rangi ya dhahabu la mwaka 1957, alilolibadilisha dukani mwaka 1970 kwa gitaa jingine huku akiongeza dola 200, liliuzwa kwa dola 1,250,000. Zile herufi za Vicksburg hazikununuliwa na mtu. Mvua ilizila, na picha yake ikabaki vitabuni.

Bendi yenyewe iliendelea kwa kuvunjika na kuungana tena. Mwaka 1999 iliingiwa na Derek Trucks, mpwa wa mpiga ngoma Butch Trucks, aliyezaliwa miaka minane baada ya kifo cha Duane, naye huvaa chupa kidoleni. Onyesho la mwisho lilifanywa New York tarehe 28 Oktoba, 2014. Liliendelea mpaka usiku wa manane ukapita, ikawa tayari tarehe 29, siku aliyokufa Duane miaka 43 nyuma, na hapana mtu ukumbini aliyehitaji kuambiwa. Gregg akawaeleza kwamba watamaliza kwa wimbo wa kwanza waliowahi kuupiga pamoja, "Trouble No More", wa Muddy Waters. Wakaupiga, wakainama, wakaondoka jukwaani.