Kiraka cha Tura

Mwaka 1994, mwezi wa Agosti, nilikuwa nikisafiri kwa gari kutoka Manyoni kwenda Tabora, nikapata pancha mbili katika siku moja. Ya kwanza haikunitia wasiwasi, kwani tairi la akiba lilikuwapo. Ya pili ilinikuta nje kidogo ya Tura, jua la utosi, na akiba imekwisha kutumika. Siku hizi njia hiyo ina lami, na mtu huipita upesi asijue alikopita. Wakati ule ilikuwa mchanga na mashimo, na vichaka vya Itigi tulivyotoka navyo vina miiba ya kutosha nchi nzima.

Nikalifungua gurudumu, nikalibingirisha kwa mikono mpaka kijijini. Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyeketi chini ya mwembe, karai la maji kando yake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umeleta mgonjwa?”

Alilibandua tairi kwa vyuma viwili, akautoa mpira wa ndani, akaujaza upepo na kuuzamisha karaini. Vipovu vikaonyesha tundu. Akaukausha, akaukwaruza kwa msasa, akabandika kipande cha mpira mbichi, kisha akakibana kwa chombo ambacho sitakisahau: pistoni kuukuu ya injini, iliyofungwa kwenye chuma chenye skrubu. Ndani ya pistoni alimimina petroli kidogo, akawasha kiberiti. “Sasa tungoje,” akasema.

Alichokuwa akikifanya kiligunduliwa na Charles Goodyear, Mmarekani, mwaka 1839. Mpira mbichi hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, hutulia, ukawa imara na wa kuvutika. Ndiyo maana kiraka cha moto hakibanduki: hakikugandishwa tu juu ya mpira, kimekuwa mwili mmoja nao. Mafundi wa leo, kwa matairi yasiyo na mpira wa ndani, huchomeka kamba fupi yenye gundi katika tundu kwa chuma kama sindano, wakakata inayobaki nje, nawe ukaondoka baada ya dakika kumi. Inafaa, mradi tundu liwe pale tairi linapokanyaga. Likiwa ubavuni usimwamini fundi anayekuambia litadumu. Na hata penye kukanyaga, mimi kiraka cha ndani nakiamini zaidi.

Labda mzee aliona ninavyotazama saa yangu. Akaniambia, “Babu yangu alipita hapa na jino la ndovu begani. Wewe unanung'unikia gurudumu?”

Sikuwa na la kujibu. Tura si mahali pa kudharauliwa. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilivuka Ugogo, ikaingia katika pori ambalo wapagazi waliliita Mgunda Mkali, na waliotoka humo wazima walifurahi kuiona Tura, kwa kuwa ndipo Unyamwezi ulipoanzia. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne. Mimi nilikuwa nimeondoka Manyoni alfajiri.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 60 au 70, na jino kubwa la ndovu lilipita hapo. Kazi hiyo Wanyamwezi waliifanya kwa fahari; wengi hawakuwa watumwa bali watu wa ujira, waliojua thamani ya bega lao na waliokuwa tayari kuutua mzigo wakidhulumiwa. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilipoingia Tabora mwaka 1912, bega likakosa soko.

Nikiwa naukodolea macho ule moto ndani ya pistoni, nilianza kujiuliza mpira wenyewe ulitokea wapi. Hapo ndipo raha ya kungoja iliponiondoka.

Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip aliyeijua Tabora kama kwao, alikubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Kilichotafutwa wakati huo kilikuwa pembe. Mwaka uliofuata, huko Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo, ambalo alikuwa amelibuni kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mtoto alitaka kwenda bila kurushwarushwa, basi. Lakini ndani ya miaka michache ulimwengu mzima ulitaka matairi, na mpira mwingi ulikuwa bado katika mimea ya mwituni. Kongo ya Leopold ilikuwa na misitu hiyo. Vijiji vikapangiwa kiasi cha kuleta. Wanawake wakashikwa rehani mpaka waume warudi na mpira. Watu wakauawa, wengine wakakatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement ilitolewa mwaka 1904, na mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa nchi.

Basi gurudumu lililomtua mzigo mtu wa Tabora lilimwelemea mwingine ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nalo halikumtua huyu wa kwanza kwa muda mrefu. Vita vya 1914 vilipokuja, Wajerumani waliozingirwa walijitengenezea matairi kwa mpira wa mashamba yao na salfa; hapo Lulanguru, karibu na Tabora, walipiga hata sarafu katika karakana ya reli. Ufundi haukuwapungukia. Lakini magari yalikuwa machache na mbung'o waliua wanyama, kwa hiyo pande zote zilirudia bega la mtu, safari hii mara nyingi kwa kulazimisha, na wapagazi wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Majeshi ya Kibelgiji yaliyoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 yalikuwa ya askari wa Kongo. Najiuliza wangapi kati yao walikulia katika vijiji vya mpira.

Moto ulizimika. Mzee akaacha chuma kipoe, akafungua skrubu, akauvuta ule mpira huku na huku. Kiraka kilikuwa kimelala. Tukarudisha gurudumu, nikalipa, nikamwonyesha lile tairi la kwanza. Alipapasa ubavu wake uliochanika, akatikisa kichwa.

“Hili limekwisha. Niachie.”

Nikamwuliza la nini. Akalikunja, akachungulia mpasuko kuona kama ndani mna waya au nyuzi. Zilikuwa nyuzi. Akanyosha mguu wake mmoja, uliovaa katambuga iliyolika kisiginoni, akaliweka tairi kando ya wayo na kuanza kupima kwa vidole.

“Jozi nne,” alisema. “Na ya mjukuu.”