Agizo la Boazi na Kilio cha Kiambu



Ndugu wapendwa, sura ya pili ya Kitabu cha Ruthu yatuonyesha mjane mgeni akiokota masuke nyuma ya wavunaji. Mara nyingi twasifu bidii yake, tukapita jambo moja zito: Boazi aliwaagiza vijana wake wasimguse. Naye Naomi, aliposikia, alimsihi mkwewe aandamane na wajakazi wa Boazi, asije akadhuriwa katika shamba la mtu mwingine. Kumbe hatari ile ilijulikana tangu kale. Na mwenye shamba hakungoja Ruthu alie. Alitoa agizo kabla ya dhara.

Historia ya Kenya yatukumbusha mashamba yaliyokosa agizo hilo. Mwezi Oktoba 1919, serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka wa kuhimiza Waafrika wakafanye kazi kwa walowezi. Hata wanawake na watoto wahimizwe, pale mashamba yalipokuwa karibu na makwao. Kinywani mwa chifu, kuhimiza kukawa kulazimisha. Wasichana wa Kiambu walipelekwa kwenye mashamba ya kahawa, na wazee wao wakalalamika kwamba wengine walinajisiwa huko. Mwaka 1920 Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, aliandika kijitabu kuipinga kazi ya kulazimishwa.

Harry Thuku alikifanya kilio hicho kuwa hoja ya hadhara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea, akawaongoza wanawake mbele. Polisi walifyatua risasi, naye akawa miongoni mwa wa kwanza kufa. Serikali yenyewe ilikiri vifo zaidi ya 20.

Leo hatuna waraka wa Northey. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe tamko la kukataza unyanyasaji wa kingono na kueleza njia ya kupeleka malalamiko. Hata hivyo, mwezi Februari 2023 shirika la BBC lilitangaza habari za wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya chai nchini Kenya, walionyanyaswa na wasimamizi wao. Sheria iliyobaki kabatini haimlindi mchuma chai.

Wapendwa, miongoni mwetu wamo wenye mashamba, wasimamizi na wanyapara. Tujiulize: je, vibarua wetu wamelisikia agizo la Boazi kutoka vinywani mwetu? Anayepewa mamlaka ya kugawa kazi na kuandika siku za malipo, nani humwangalia? Na ikiwa mkosaji ni mnyapara mwenyewe, mama huyo ataenda kwa nani? Tusimwachie mnyonge mzigo wa kujikinga, kisha tukamuuliza kwa nini alinyamaza. Kibarua kimoja ndicho ada ya shule na unga wa jioni. Ukimya wake si ridhaa.

Naomi alijua kuna mashamba ya kuogopwa. Mungu atujalie mashamba yetu yasihesabiwe miongoni mwa hayo. Amina.